UZI: Kutoka mkononi hadi wodini, damu yako hupitia wapi? Makundi, kiti na friji

KifunikoZambarau aliandika:

Kila kukitokea ajali kubwa, simu zetu hapa Nairobi hujaa ujumbe wa aina moja: "Anatafutwa O hasi haraka sana." Mwenye A, B au AB anausoma, anausambaza kwa kundi la chama, kisha anaendelea na shughuli zake akidhani hahusiki. Uzi huu ni wa kumweleza kwamba anahusika, tena pengine kuliko huyo wa O hasi. Wanaofanya kazi maabara, wodi na hifadhi ya damu waongeze au wakosoe.

Kwanza makundi, kwa ufupi. Karl Landsteiner alianza kuyafumbua kule Vienna mwaka 1901: chembe nyekundu zina alama juu ya ngozi yake, A au B, zote mbili (AB), au hazina hata moja (O). Jambo ambalo watu husahau ni upande wa pili. Majimaji ya damu, yaani plazma, hubeba kingamwili dhidi ya alama ambayo huna. Mtu wa A ana kingamwili dhidi ya B, bila kuwahi kuongezewa damu maishani. Wa O ana za kupinga zote mbili. Ndiyo maana kosa la kwanza tu la kumpa mgonjwa wa O damu ya A linaweza kumuua; mwili hausubiri kufundishwa.

Alama ya Rh D, ile ya chanya na hasi, ni tofauti kidogo. Mwenye hasi hana kingamwili mpaka akutane na damu chanya, kwa kuongezewa au kwa ujauzito. Nitamwachia mkunga wetu hilo.

Sasa kiti. Masharti ya hapa Kenya: umri miaka 16 hadi 65, uzito kilo 50 kwenda juu, himoglobini (kile kibeba oksijeni ndani ya chembe nyekundu) isiyopungua gramu 12.5 kwa desilita. Mwanamume hutoa kila baada ya miezi mitatu, mwanamke minne. Kula chakula halisi kabla, si chai ya rangi na mandazi moja. Kunywa maji nusu lita katika nusu saa ya mwisho. Ukifika utajaza fomu, na maswali yake ni ya chumbani kabisa: wapenzi, dawa, sindano. Yajibu kweli, kwa sababu hakuna mashine inayoweza kujibu badala yako.

Himoglobini mara nyingi hupimwa kwa tone la damu ya kidole linalodondoshwa kwenye maji ya buluu ya kopa salfeti yenye uzito linganifu 1.053. Likizama ndani ya sekunde 15, umepita. Likielea, umekosa. Kipimo rahisi, lakini mpimaji akikamua kidole sana, majimaji ya nyama huchanganyika na damu na tone huelea bure. Kiputo cha hewa ndani ya tone hufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo ukikataliwa kwa tone moja, ni haki yako kuomba kidole kingine au mashine ndogo ya kusoma namba.

Mfuko huchukua mililita 450, na ndani yake tayari kuna mililita 63 za dawa ya kuzuia kuganda. Vipimo hivyo viwili vimepangwa pamoja. Damu ikikatika kabla ya kufika kama mililita 405, dawa huwa nyingi kupita kiasi na mfuko huo kwa kawaida hautumiki kama damu ya kawaida. Ndiyo sababu muuguzi hukasirika kidogo ukianza kuchati kwa mkono uliodungwa.

---

SistaWaKiti aliandika:

Nianzie hapo pa mfuko kukatika, maana ndipo lawama huwa nyingi.

Damu ikienda vizuri, mfuko hujaa kwa dakika 5 hadi 10. Ikipita 15, vidude vya kuganda vimeshaanza kuamka ndani ya mrija, na mfuko huo hautengwi tena chembe sahani (zile za kuzuia kutokwa damu) wala plazma. Sababu za mwendo wa pole ni chache: ncha ya sindano imegusa ukuta wa mshipa, mkanda wa mkono umelegea (shinikizo linatakiwa kati ya milimita 40 na 60 za zebaki), au mchangiaji hajanywa maji. Ya kwanza hurekebishwa kwa kugeuza sindano kidogo sana. Kutafutatafuta mshipa kwa kuchokoachokoa ndani ya nyama hakuruhusiwi. Mkono wa kwanza ukishindikana, unamwomba mchangiaji ruhusa ya mkono wa pili, na akikataa unamshukuru na kumpa soda yake.

Sindano ni ya geji 16, nene, na watu huuliza mbona isiwe nyembamba. Nyembamba ingechelewesha damu, na chembe zingepasuka kwa kubanwa.

Kusafisha: spiriti ya asilimia 70, sugua sekunde 30, acha ikauke yenyewe sekunde 30 nyingine. Kupepea kwa mkono au kupuliza ni kuharibu. Ukishasafisha, usiguse tena kwa kidole "kuhakikisha mshipa". Bakteria wa ngozi wakiingia kwenye chembe sahani zinazokaa kwa joto la chumba, baada ya siku tatu umepika uji wa vijidudu. Mililita 20 hadi 30 za kwanza huelekezwa kwenye kijifuko cha pembeni, kwa sababu kijipande cha ngozi kilichokatwa na sindano huondoka na hizo. Humo ndimo sampuli za vipimo hutolewa.

Matatizo ya mkononi ni matatu. Uvimbe wa bluu: damu imevuja chini ya ngozi; toa sindano, bana, barafu iliyofungwa kitambaa. Damu nyekundu ang'avu inayodunda na mfuko kujaa kwa dakika mbili tatu: umeingia mshipa wa ateri, simamisha mara moja, bana kwa nguvu dakika 10 au zaidi bila kuchungulia. Maumivu ya umeme yanayoshuka hadi vidoleni: umegusa neva, toa sindano hapo hapo, usijaribu kuisogeza.

Na tafadhali, ukimaliza usikunje kiwiko. Kukunja hakubani pale penye tundu, na ukikunjua unararua kidonge kilichoanza kuganda. Mkono unyooshwe, uinuliwe, vidole vibane pamba kwa dakika tatu hadi tano.

---

Wa_Umoja_Innercore aliandika:

Sista, na kuzirai? Watu wengi hapo ndipo huogopa.

---

SistaWaKiti aliandika:

Kuzirai si kwa sababu damu imeisha. Mwili una lita nne hadi tano na ushee, wewe umetoa chini ya nusu lita. Neva inayotuliza moyo huzidisha kazi yake: mapigo hushuka, mishipa hulegea, ubongo hupungukiwa kwa sekunde chache. Walio kwenye hatari zaidi ni vijana, wanaotoa mara ya kwanza, na wenye uzito ulio karibu na kilo 50. Hofu huongeza, na kumwona jirani akizirai huongeza zaidi. Kwenye hema la shule akianguka mmoja, tarajia watatu.

Dalili huja kabla: kupiga miayo, jasho baridi, midomo kuwa myeupe, kujibu kwa neno moja moja. Hapo hapo sindano itoke, kiti kilazwe, miguu iinuke juu ya kichwa. Asipewe maji mpaka awe macho kabisa. Kuzuia: yale maji nusu lita, na wakati damu inatoka pishanisha miguu, kaza mapaja na makalio sekunde tano, legeza, rudia. Huko ndiko kuirudisha damu juu.

Hatari halisi ni kuzirai kwa kuchelewa, mtu akiwa kwenye ngazi za jengo au amening'inia mlangoni mwa matatu. Zile dakika 10 hadi 15 za soda na biskuti si za ukarimu tu.

---

Mama_Ndengu aliandika:

Mbona wanawake miezi minne? Na bitiruti inasaidia ama ni biashara ya mama wa juisi?

---

KifunikoZambarau aliandika:

Ni hesabu ya madini ya chuma. Majimaji hurudi ndani ya siku moja au mbili. Chembe nyekundu, wiki nne hadi nane. Lakini painti moja, yaani mfuko mmoja, huondoka na miligramu 200 hadi 250 za chuma, na chakula cha kawaida hukupa miligramu moja au mbili tu zinazofyonzwa kwa siku. Mwanamke anayepata hedhi ana akiba ndogo zaidi na anapoteza kila mwezi, kwa hiyo anapewa muda zaidi. Hedhi yenyewe haimzuii kutoa, ilimradi himoglobini inatosha.

Bitiruti ni nyekundu kwa rangi yake tu. Chuma chake ni kidogo. Maini, matumbo, nyama na omena vinafyonzwa vizuri. Ndengu, maharagwe, managu na terere navyo vinafaa ukivila pamoja na kitu kichachu, hata nyanya mbichi au chungwa. Adui ni chai. Kikombe cha chai juu ya sahani ya ndengu hufunga sehemu kubwa ya kile chuma. Subiri saa moja au mbili. Najua katika nchi hii ni kama kukuambia usipumue.

---

BoksiBaridi aliandika:

Mimi upande wangu ni hifadhi na usambazaji, na hapa ndipo ile meseji ya "O hasi haraka" inavunjika.

Painti moja ikifika ikiwa nzima, inaweza kuzungushwa na mashine na kugawanywa mara tatu. Chembe nyekundu hukaa friji ya nyuzi 2 hadi 6, siku 35, au 42 zikiongezwa maji ya lishe. Plazma hugandishwa chini ya nyuzi 18 hasi na hukaa mwaka. Chembe sahani hukaa nyuzi 20 hadi 24 zikitikiswa mchana na usiku, na siku ya tano zinatupwa. Dozi moja ya mtu mzima wa saratani ya damu huhitaji michango ya watu wanne hadi sita.

Angalia tarehe hizo. Watu 500 wakipanga foleni siku moja baada ya janga, chembe sahani zao zote zitaisha muda siku moja. Baada ya wiki tano nyekundu zisizotumika zinafuata, na hao 500 hawawezi kurudi kwa miezi mitatu. Wagonjwa wa siku ya janga lenyewe husaidiwa na damu iliyokuwa kwenye rafu jana yake, kwa sababu mpya inahitaji kupimwa kwanza: virusi vya UKIMWI, homa ya ini B, homa ya ini C, kaswende, kisha kundi.

Kuna mtego mwingine wa kwetu. Sehemu kubwa ya damu ya Kenya kwa miaka mingi imetoka kwa wanafunzi wa sekondari. Shule zikifungwa Aprili, Agosti na Desemba, rafu hukauka, na Desemba ndiyo hiyo ya ajali za barabarani. Mwenye kazi mjini akitaka kusaidia kweli, achague wiki ya pili ya likizo za shule. Ni ushauri mkavu lakini ndio unaojaza friji.

Kosa la usafirishaji ninaloliona likirudiwa: mfuko uliokusudiwa kutoa chembe sahani kuwekwa juu ya barafu. Zikipoa, hazifai tena. Na mifuko ya chembe nyekundu isigusane na barafu moja kwa moja. Zikiganda hupasuka, na damu iliyopasuka ni sumu kwa figo.

---

Kamau_wa_Plazma aliandika:

Naongeza: kwenye plazma dunia hugeuka juu chini. Chembe nyekundu za O hasi humfaa karibu kila mtu, lakini plazma ya O humfaa wa O peke yake, kwa sababu imejaa kingamwili za kupinga A na B. Plazma ya AB ndiyo inayoenda kwa wote. Kwa hiyo wewe wa AB uliyeambiwa wewe ni "mpokeaji tu", akiungua mtu kwa moto Mukuru akahitaji plazma na kundi lake halijajulikana, wewe ndiye unayetafutwa.

---

Otis_Ligi_Ndogo aliandika:

Sawa, lakini kama mgonjwa ni B chanya na painti ni B chanya, si wamwekee tu? Hiyo krosimechi, kipimo cha kulinganisha damu cha saa nzima, ni ya nini? Ama ni njia ya kuongeza bili?

---

KifunikoZambarau aliandika:

ABO na D ni alama mbili tu. Kuna nyingine nyingi: Kell, Duffy, Kidd, na Rh ndogo kama C na E. Mtu aliyewahi kuongezewa damu, au kuzaa, anaweza kuwa ametengeneza kingamwili dhidi ya mojawapo. Krosimechi huchanganya majimaji ya mgonjwa na chembe za mfuko wenyewe, kwa joto la mwili, kisha huongezwa dawa ya Coombs inayofichua kingamwili zilizojishika kimya. Hiyo ndiyo dakika 45 hadi saa moja. Ndiyo pia inayomnasa mtu wa kundi la nadra la Bombay: kwenye kigae, kile kibao cha kuchanganyia matone ya kupima kundi, anasomeka O, kumbe damu yake inakataa hata O zote. Nairobi yenye familia nyingi za asili ya Bara Hindi, si jambo la vitabuni tu.

Mwenye selimundu anayeongezewa mara kwa mara anahitaji zaidi ya hapo: alinganishwe pia Kell na Rh ndogo tangu mwanzo, la sivyo baada ya miaka michache huenda ikawa vigumu kupata mfuko utakaomkubali. Na asipewe damu ya mwenye chembechembe za kurithi za ugonjwa huo, japo mtu huyo anaonekana mzima.

Lakini wauaji wakubwa si Kell wala Duffy. Ni karatasi. Vifo vya kuongezewa kundi lisilo lake hutokana zaidi na chupa iliyoandikwa jina la kitanda jirani. Sampuli iingie chupa ya kifuniko cha zambarau, iandikwe hapo hapo kando ya mgonjwa, baada ya kutoa damu na si kabla, mgonjwa aulizwe "unaitwa nani?" na si "wewe ni Wanjiku?", kwa sababu mwenye homa huitikia jina lolote. Jamaa walioko kando ya kitanda mnaruhusiwa kusikiliza na kusahihisha.

Damu ikitoka friji ianze kuingia ndani ya dakika 30 na imalizike ndani ya saa nne. Kuipasha moto kwa maji ya karai au juu ya heater, hapana. Robo saa ya kwanza ndiyo ya kumkazia macho mgonjwa: akilalamika maumivu ya kiuno, baridi kali, au "najisikia vibaya" isiyoelezeka, mrija ufungwe kwanza, maswali baadaye.

---

Mkunga_Eastleigh aliandika:

Nimefika kwa ajili ya Rh.

Mama hasi, mtoto chanya: wakati wa kuzaa damu kidogo ya mtoto huingia kwa mama, naye hutengeneza kingamwili. Mtoto huyo huwa salama. Wa pili mwenye chanya ndiye hushambuliwa tumboni. Kinga ni sindano ya anti-D, yuniti 1,500, ndani ya saa 72 baada ya kuzaa, na ikipatikana nyingine wiki ya 28. Mimba ikitoka, mimba ya nje ya mfuko wa uzazi, au mama akianguka na kuumia tumbo, hesabu ya saa 72 huanza upya.

Yanayokwenda mrama: mama anaambiwa akanunue sindano siku ya tatu jioni. Ulizia mapema, mwezi wa saba wa ujauzito, duka gani la dawa analo, maana si kila duka huiweka na lazima ikae friji ya nyuzi 2 hadi 8; usiibebe kwenye mkoba toka katikati ya jiji hadi Kayole juani. Pili, kabla ya kuchomwa afanyiwe kipimo cha Coombs kisicho cha moja kwa moja. Kama kingamwili tayari zipo, sindano haina kazi na mimba inahitaji kufuatiliwa na mtaalamu. Mtoto akiwa hasi, sindano baada ya kuzaa haihitajiki.

Na hii ndiyo sababu O hasi ichungwe kama mboni. Dharura ikija bila muda wa kupima, mwanamume mtu mzima anaweza kupewa O chanya. O hasi iwekwe kwa wasichana na wanawake ambao bado wanaweza kuzaa.

---

Otis_Ligi_Ndogo aliandika:

Nimekubali. Lakini mtaani watu wanavunja ndoa: baba A, mama B, mtoto O.

---

KifunikoZambarau aliandika:

Inawezekana kabisa. Baba anaweza kuwa amebeba A na O, mama B na O, mtoto akachukua O mbili. Wazazi wawili chanya pia huzaa hasi. Kinachopaswa kushtua ni AB na O kupata mtoto wa O au AB, na hata hapo rudia kipimo kabla ya kurudia maneno. Kigae kikisomwa baada ya dakika mbili, tone limeanza kukauka pembeni na linaonekana limeganda. Mtoto mchanga naye hana kingamwili zake bado, kwa hiyo kipimo cha kuthibitisha kwa upande wa plazma hakiwezekani kabla ya miezi minne hadi sita.

---

SistaWaKiti aliandika:

Kabla uzi haujafungwa, jambo la vipimo vya bure. Kuna watu huja kutoa damu ili wajue hali yao ya UKIMWI. Msifanye hivyo. Kuna kipindi cha mwanzo, siku hadi wiki kadhaa, ambapo virusi vipo na kipimo hakioni. Anayemeza dawa za kujikinga au alizopewa baada ya kujamiiana bila kinga huongeza tatizo: dawa hupunguza virusi na kipimo huchelewa zaidi. Sema kwenye fomu, utaombwa usubiri, hakuna atakayekuuliza mbele ya watu. Kupima nenda kituo cha ushauri nasaha.

Wengine wa kusubiri: mwenye homa au aliyetibiwa malaria karibuni, anayemeza antibiotiki, mjamzito na anayenyonyesha, aliyechorwa tatuu au kutoga miezi michache iliyopita. Aspirini si kizuizi cha damu nzima, ila itaje, kwa sababu chembe sahani zako zitakuwa butu kwa siku kadhaa, hadi wiki moja au zaidi.

---

Mama_Ndengu aliandika:

Na hospitali ikikuambia "leta watu watatu wachangie ndipo mgonjwa apelekwe theatre"? Tuwapeleke ndugu?

---

BoksiBaridi aliandika:

Peleka wafanyakazi wenzake, watu wa kanisa, wa msikiti, wa chama. Kundi lao si lazima lifanane na la mgonjwa, kwa sababu wanarudisha idadi kwenye rafu, si painti ile ile. Wakikuambia "lazima awe B", uliza vizuri.

Mume asimchangie moja kwa moja mke anayetarajia kuzaa tena: mke anaweza kutengeneza kingamwili dhidi ya alama za mume, na hizo ndizo mtoto atarithi. Damu ya mzazi, ndugu wa tumbo moja au mtoto ina hatari nyingine adimu, chembe nyeupe zake kutotambuliwa kama wageni na kumshambulia mgonjwa. Huzuiwa kwa kuipiga mionzi, mashine ambayo haipo kila mahali. Wachangie rafu, waende kwa wengine.

Anayekufuata langoni na kukuambia ana "mtu wa damu" kwa bei fulani, achana naye. Damu haiuzwi kisheria. Kinachoweza kuonekana kwenye bili ni gharama ya vipimo na mfuko. Mtu aliyelipwa ana kila sababu ya kudanganya kwenye fomu, na juu tumeeleza fomu hubeba nini.

---

Wa_Umoja_Innercore aliandika:

La mwisho: mtu wa boda au fundi wa mjengo akitoa asubuhi, arudi kazini saa ngapi?

---

SistaWaKiti aliandika:

Kazi ya juu ya ngazi, ya kuendesha abiria au ya kubeba simiti, kesho yake. Kwa hiyo aje jioni akishamaliza, au siku anayopumzika. Kazi ya mezani, saa hiyo hiyo. Plasta aitoe baada ya saa nne hadi sita, asibebe mzigo kwa mkono ule siku hiyo, asinywe pombe usiku huo. Uvimbe ukizidi kukua au vidole vikifa ganzi, arudi kituoni na kadi yake, namba ya mfuko imeandikwa pale.